Msituni nunua darubini ya 8: namba kubwa ilitutia hasara



Leo siongelei mbolea wala bei ya iliki. Naongelea darubini, ile ya macho mawili ya kuning'iniza shingoni. Najua kuna watakaosema bwana shamba kaishiwa mada. Subirini kidogo. Huku kwetu Usambara Mashariki kuna kikundi cha vijana saba kilichopoteza pesa, kikapoteza wageni, na nusura kimpoteze mweka hazina wake, yote kwa sababu ya darubini moja. Na aliyewapa ushauri mbaya ni mimi.

Vijana hawa wana mashamba yanayopakana na msitu wa Amani. Wanalima iliki, pilipili manga na karafuu chini ya miti ya kivuli, na wawili wao wamejifunza kuongoza wageni wanaokuja kuangalia ndege. Ni pesa ya pembeni, lakini nzuri: inaingia miezi ambayo pilipili bado iko mbichi kwenye mti. Wakaniuliza, "Bwana shamba, tunataka darubini ya kikundi, tuchukue ipi?" Nami, bila kufikiri, nikawajibu kama mtu anayenunua tochi: chukueni yenye namba kubwa, mtaona mbali.

Mweka hazina akashuka Tanga mjini, akarudi na darubini iliyoandikwa 20x50. Laki na ishirini taslimu kutoka mfuko wa kikundi. Pale kijiweni kila mtu aliijaribu kwa kuangalia ng'ambo ya bonde, na kila mtu alifurahi. Ukiwa umeketi, umeegemeza viwiko juu ya meza, unaona mpaka nguo zilizoanikwa nyumba ya mbali. Tukapongezana.

Wiki tatu baadaye wakaja wageni wawili, mume na mke, watu wazima. Walikuwa wamelipia siku mbili, nusu mwanzo na nusu mwisho. Walimtaka kindege mmoja mdogo wa kijivu, mwenye mdomo mrefu, anayejificha kwenye viambazi na mizabibu ya pembeni mwa msitu. Wanasayansi wanamwita Artisornis moreaui. Kijana wetu anamjua kwa sauti kabisa. Alimsikia saa moja asubuhi, akasema yuko pale, akainua darubini. Akaona majani. Akasogeza, majani mengine. Akasogeza tena, kijani kitupu kinachotetemeka. Mpaka anaishusha ndege kashahama. Ikawa hivyo mara nne. Mwishoni yule mama akamvua shingoni darubini yake mwenyewe, ndogo kuliko yetu, akampa. Kijana akaiinua, na ndani ya kupepesa jicho akamwona ndege, tawi alilokalia, na mdudu aliyemshika mdomoni. Ile darubini ilikuwa imeandikwa 8x32.

Wageni walishukuru kwa adabu, siku ya pili hawakuja. Ile nusu ya malipo nayo ikaenda. Kwenye kikao jioni maneno yakaanza: mweka hazina kanunua kitu kibovu, kalamba chenji, kapewa asante na mwenye duka. Kijana wa watu alilia. Ilinibidi nisimame niseme mbele ya wote kuwa kosa halikuwa lake. Alinunua hasa kile nilichomwambia anunue.

Ndiyo maana leo naandika. Sitaki kikundi kingine kirudie.

Zile namba mbili zinasema nini

Kila darubini ina namba mbili. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kwa hiyo 8x42 inakuza mara 8 na kioo chake cha mbele kina milimita 42. Hiyo 20x50 yetu inakuza mara 20, kioo milimita 50. Mpaka hapo kila mtu anaona 20 ni bora kuliko 8, kama alivyoona bwana shamba wenu.

Lakini kila unapoongeza ukuzaji, kuna vitu vinne unavilipa. Msituni vyote vinne ni ghali.

Cha kwanza ni upana wa unachokiona. Darubini nzuri ya 8 inakuonyesha karibu mita 130 kutoka kushoto hadi kulia ukiangalia kitu kilicho mita 1000. Nani msituni anaangalia mita 1000? Ndege wako yuko mita 20. Kwa umbali huo, 8 inakupa dirisha la mita mbili na nusu hivi, yaani tawi zima na majirani zake. Darubini ya 20 inakupa mita moja tu na kidogo. Sasa mtafute ndege mwenye uzito mdogo kuliko kipande cha sabuni, anayeruka kila sekunde mbili, kwa kuchungulia kwenye tundu la mlango. Ndicho tulichomfanyia yule kijana.

Cha pili ni mtetemo. Mkono wa binadamu unatetemeka, hata ukiwa na afya ya ng'ombe dume. Darubini haikuzi ndege peke yake, inakuza na mtetemo wako. Mara 8 mkono unavumilika. Mara 10 unaanza kuhisi, hasa ukiwa umepanda mlima na moyo unadunda. Mara 20 bila kiegemeo ni kama kusoma gazeti ndani ya basi kwenye barabara mbovu. Pale kijiweni tuliona vizuri kwa sababu tulikuwa na meza. Msituni hakuna meza.

Cha tatu ni mwanga. Chukua namba ya pili, igawe kwa ya kwanza. Jibu ni upana, kwa milimita, wa duara la mwanga linaloingia kwenye jicho lako. 42 gawanya kwa 8 ni 5.25. 50 gawanya kwa 20 ni 2.5 tu. Juani mchana mboni ya jicho inabana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo hutaona tofauti kubwa. Dukani na mjini zote zinang'aa. Lakini ingia chini ya miti mikubwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ukungu wetu ule wa Amani: mboni inafunguka, inataka mwanga, na darubini yenye 2.5 inaunyima. Ndege anakuwa kivuli cheusi. Na asubuhi ile ndiyo saa ya ndege, wewe unayeamka kuchuma iliki unajua.

Cha nne, wengi hawakifikirii: kina cha picha. Ukuzaji mdogo unaweka vitu vingi zaidi sawasawa kwa wakati mmoja, vya karibu na vya nyuma yake. Ukuzaji mkubwa unataka uzungushe gurudumu la katikati kila ndege anaporuka hatua moja. Pamoja na hilo, darubini nyingi za ukuzaji mkubwa haziwezi kabisa kuona kitu kilicho mita tano. Sasa ndege wa kwenye vichaka anakaa mita nne kutoka kwenye pua yako, nawe unarudi kinyumenyume kama mtu aliyemwona nyoka ili umwone vizuri.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nausema bila kuzungukazunguka: kwa msitu na shamba la miti, usivuke 8. Kama ukipata ya 7 nzuri, chukua. Hata ya 6 isikutie aibu. Anayekucheka kwa kuwa yako ni ya 6 na yake ni ya 12, mkaribishe msituni asubuhi moja, mtaelewana.

Wanaosema 10

Baada ya kikao kile vijana wawili walinijia na hoja. Walisema, sawa, 20 ni wazimu, lakini tusiende mpaka 8, tuchukue 10x42. Waongozaji wengine wanazo, na ndege wetu wengine wanakaa juu ya miti ya mita 30, ni vindege vidogo, chozi kwa mfano, huwezi kuona rangi ya kifuani kwa 8.

Hoja yao si ya kipuuzi. Angekuwa ni kijana wa mpunga kule mabondeni, au anayelinda mtama dhidi ya kwelea kwelea, ningemwambia chukua 10. Kwenye uwanda wazi, bwawani, ufukweni, ndege yuko mbali, mwanga ni mwingi, na unaweza kuegemea nguzo. Hapo 10 inalipa. Hata hapa msituni, mwenye mkono mtulivu na uzoefu wa miaka ataitumia bila shida.

Lakini darubini ya kikundi haitumiki na mtu mmoja mwenye uzoefu. Inashikwa na kijana mpya, inapewa mgeni aliyesahau yake, inapewa mwanafunzi wa shule. Na swali la msituni kwanza si "naona kwa ukubwa gani?" Ni "nimempata au sijampata?" Ndege uliyempata kwa 8 utamtambua, kwa rangi au kwa mwendo wake au kwa sauti. Ndege uliyemkosa kwa 10 ana rangi nzuri sana, lakini hakuna aliyeiona.

Nikawapa mfano wa kilimo. Kuna mtu mwenye nusu eka kwenye mteremko mkali anayetamani trekta kubwa kwa sababu lina nguvu. Nguvu lina, ila halipiti. Power tila ndogo, au hata jembe, inamaliza kazi. Tunajua hili kwa mashine, tunalijua kwa urea, kwamba kuzidisha si kupata. Kwa nini tukifika kwenye darubini tunasahau?

Darubini ni zana ya shamba pia

Mwingine atasema, mimi siongozi wageni, yananihusu nini. Yanakuhusu.

Kijana mmoja wa kikundi hicho alikuwa na mti mkubwa wa kivuli mpakani mwa iliki yake. Alikuwa akiulalamikia: ndege wanajaa pale, wanamla mazao, afadhali uombewe kibali ukatwe. Nilienda na darubini ya kuazima, ya 8. Tukakaa chini ya kibanda chake nusu saa, tukaandika kila ndege aliyeingia kwenye kiota kimoja alikuwa na nini mdomoni. Mara kumi na moja. Mara tisa walikuwa viwavi, mara mbili hatukuona vizuri. Hakuna hata mara moja aliyeleta iliki. Sisemi ndege wote ni marafiki wa mkulima, aliyelima mtama hawezi kunisikiliza nikisema hivyo. Nasema kabla hujakata mti uliouchukulia miaka arobaini kukua, hakikisha kwanza unayemtuhumu ndiye mwizi. Mti ule bado umesimama, na iliki chini yake inapata kivuli.

Matumizi mengine ni haya. Unaangalia mlango wa mzinga ulioko juu ya mti bila kuusogelea: nyuki wanaingia na chavua au wamehama? Unaangalia kama karafuu kileleni zimeanza kutoa vikonyo, kabla hujatafuta ngazi na vibarua. Unaangalia kima wako wapi kabla hawajafika kwenye mahindi. Kazi zote hizi ni za mita 10 hadi 60. Hakuna hata moja inayohitaji 20.

Na kuna hondohondo. Wanaolima kuzunguka Amani mnajua miti ya mhesi ilivyosambaa. Ililetwa, ikapendwa, sasa inaingia msituni na kusongamana na miti ya asili. Wanaoisambaza, kwa sehemu kubwa, ni hondohondo wanaokula matunda yake na kudondosha mbegu. Ukijua wanalala mti gani na wanaruka kuelekea wapi, unajua pa kutafuta miche ya mhesi shambani kwako ikiwa bado ya kung'oa kwa mkono. Hiyo nayo ni kazi ya darubini.

Jambo hili la ndege na kilimo kuishi nyumba moja si geni hapa kwetu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kilianzishwa mwaka 1902 enzi ya Wajerumani. Mwaka 1928 alifika pale Mwingereza Reginald Moreau, mtumishi wa kituo hicho hicho cha kilimo, ndiye aliyegeuka kuwa mmoja wa watu waliowaandika zaidi ndege wa milima yetu. Yule kindege wa mdomo mrefu aliyetukimbizia wageni kapewa jina lake. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ikatangazwa mwaka 1997. Watu wanavuka bahari kuja kuona kilichoko nyuma ya choo chako, kijana. Usikosee zana.

Ukienda dukani

Angalia kwanza namba: 8x42 kwa kikundi, ndiyo chaguo langu. 8x32 kama unataka nyepesi ya kushinda nayo shingoni ukichuma, ila duara lake la mwanga ni 4, asubuhi sana itakuwa na giza kidogo. 7x35 na 6x30 zikionekana na ni nzima, zina duara la 5, usiziache. Zile ndogo za kuingia mfukoni za 10x25 zina 2.5, ziache kwa watu wa mpira.

Kimbia darubini yenye ukuzaji wa kubadilisha, ile iliyoandikwa kitu kama 10-30x50. Inaahidi yote, na kwa bei ya chini haifanyi lolote vizuri. Kimbia pia yenye vioo vya mbele vinavyong'aa vyekundu kama taa ya nyuma ya pikipiki. Ule urembo unarudisha mwanga nje badala ya kuuingiza ndani.

Toka nayo nje ya duka. Dukani usiijaribu. Itafute sehemu yenye kivuli, chini ya mwembe au kwenye kichochoro, angalia kitu chenye giza. Ishike mkono mnyoofu mbele yako, uielekeze penye mwanga, uangalie yale maduara mawili madogo upande wa macho: yawe ya mviringo na angavu mpaka pembeni, si yaliyokatwa kona. Angalia ukingo wa bati la nyumba: usione mbili. Ukimaliza dakika tatu kichwa kikaanza kuuma, vioo vya ndani havijakaa sambamba, irudishe. Mwisho, simama hatua tatu kutoka ukutani usome tangazo lolote. Isiposomeka, haina karibu.

Anayevaa miwani akunje vile vikombe vya mpira vya machoni, aangalie kama anaona duara zima. Asipoona, hiyo si yake.

Na kwa mvua za kwetu, lipa zaidi kidogo upate isiyopitisha maji, iliyojazwa naitrojeni ndani. Ya bei rahisi itaota kuvu ndani ya vioo kabla ya misimu miwili, na kuvu hilo hulifuti. Usiku ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Usifutie vioo kwa shati lenye udongo. Puliza kwanza, kisha kitambaa laini.

Nzuri ya 8x42 mnunuzi wetu aliipata kwa laki nne na kidogo, safari hii kwa kuulizia kwa waongozaji kabla ya kwenda. Ni pesa, najua. Lakini laki na ishirini ya mwanzo ilikuwa hasara yote, na nusu ya malipo ya wageni juu yake. Rahisi iligharimu.

Kabla ya kuongoza mgeni, fanya mazoezi. Misumari mitano na vizibo vitano vya soda, vipigilie kwenye miti tofauti shambani. Mtazame kizibo kwa macho, usihamishe macho, inua darubini ije ikute macho yako. Wengi hushusha macho kwenye darubini kwanza, kisha wanaanza kutafuta upya. Siku tatu za mazoezi wakati wa kupumzika zinatosha.

Yule mweka hazina bado ni mweka hazina. Darubini ya 20 tumeiweka kwenye kibanda cha kijiwe, juu ya kigingi, watoto wanaangalia mwezi, na kwa mwezi, kusema kweli, haina mpinzani. Ya 8 inalala kwake, na anayeiazima anasaini daftari. Mwezi uliopita yule kijana muongozaji alinipigia saa moja na nusu asubuhi, ananong'ona: "Bwana shamba, nimempata. Na mgeni kampata." Nikamwambia asinipigie simu, aendelee na kazi.

Nikikosea tena, niambieni mapema. Tukutane shambani.